Sanduku Lisilovuma

Inspekta Idarus alivaa visikilizio masikioni kwa dakika mbili, na katika dakika hizo mbili alisahau kabisa kwamba yuko kazini.

Juu ya meza, mashine ya utepe ilikuwa ikizunguka polepole. Masikioni mwake palikuwa na ufuo wa kisiwa cha Chovai, uliorekodiwa mwaka uliopita. Mafundi walikuwa wakikalafati mashua: pamba inashindiliwa kwenye nyufa za mbao, nyundo za mti zinapiga patasi, na kila pigo tumbo la mashua linaitikia kwa mvumo mzito uliomshuka Idarus hadi kifuani. Alimsikia mtu akikohoa. Alisikia kuku. Yeye ni mtoto wa Kudhaa, kisiwa jirani, amezaliwa katikati ya makelele hayo na aliyachoka zamani, lakini hakuwahi kufikiri kwamba yanaweza kuingia katika utepe mwembamba wa rangi ya kahawia na kuletwa mjini yakiwa hai. Vinyweleo vya mikono vilimsimama.

"Sasa sikiliza hii," alisema Sinyor Vezzani kwa Kitaliani, akamvua visikilizio na kugeuza swichi.

Sauti ikahamia kwenye sanduku kubwa la msaji lililosimama pembeni mwa sebule, limefika kiunoni mwa mtu, uso wake umefunikwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Nyundo zilisikika. Kuku alisikika pia. Lakini mashua ilikuwa imepotea. Yalibaki mapigo makavu, kama ya mtu anayegonga sufuria kwa kijiti, na yule mwenye kukohoa alikuwa sasa mtu mwembamba na mgonjwa.

"Umesikia?" Vezzani aliuliza. "Huyu mwizi wenu ameninyang'anya nusu ya sauti."

Vezzani alikuwa na kiwanda cha barafu hapa Kisimayu, na mapenzi yake yote yaliyobaki, baada ya barafu, yalikuwa kwenye muziki. Ilikuwa mwaka 1957, Wataliani wamebakiza miaka mitatu tu waondoke, na wengi walikuwa wakifunga mizigo. Yeye alikuwa akifungua. Alikuwa ameagiza kwao amplifaya, na ndogo yake ya kutangulia, ile inayoipokea sauti ingali changa na kuiandaa kabla ya kuipeleka kwenye kubwa. Aliagiza pia spika moja ya thamani, pana kama sinia. Sanduku la spika halikuja, kwa ukubwa wake. Ilikuja karatasi ya michoro, ili litengenezwe huku huku.

Kazi yote alikabidhiwa Nasrudin, fundi redio wa mjini. Nasrudin aliipeleka spika pamoja na karatasi kwa Fundi Sheikhan wa Chovai, mwunda mashua, kwa sababu hapana mkono bora wa mbao katika pwani hii. Sanduku lilirudi limefungwa. Nasrudin akaunga nyaya. Sasa Nasrudin alikuwa rumande, akidaiwa kwamba ameificha spika ya thamani na kutia humo kitu cha ovyo. Lori la kesho alfajiri lingempeleka Mogadishu kushitakiwa, na fundi aliyepelekwa Mogadishu kwa wizi hata akirudi hapewi tena hata tochi ya kutengeneza.

"Ushahidi wako ni masikio tu, Sinyor?" Idarus aliuliza.

"Masikio na namba. Rafiki yangu, mhandisi wa meli, amepima kwa mita kwenye skrubu za nyuma. Spika yangu imeandikwa omu nane za ukinzani. Mita imesoma sita." Alionyesha vidole sita, endapo polisi hajui kuhesabu.

Idarus aliinama nyuma ya amplifaya. Valvu, taa zake za kukuzia sauti, zilikuwa zinawaka rangi ya machungwa ndani ya kioo, na joto lake lilimpata usoni. Aliziangalia kuliko ilivyohitajika. Kisha akaona skrubu za kutolea sauti: nne, nane, kumi na sita. Waya ulikuwa umekazwa kwenye nne.

Aliandika hilo. Aliandika pia namba ya spika kutoka kwenye hati ya mzigo, 40717, iliyopigwa chapa kwenye sumaku yake. Akaitazama karatasi ya michoro: uso wa sanduku una duara mbili, kubwa ya spika na chini yake nyingine ndogo, upana wa kiganja, haina maelezo. Alipokaribia sanduku alisikia harufu ya mafuta ya papa, ile wanayopaka mashua, akatabasamu kidogo maana ilikuwa harufu ya nyumbani kwao. Hakuiandika.

"Livunje uone," Vezzani alisema.

"Likivunjwa vibaya mtasema polisi ndio walioiharibu spika. Nipe mpaka alasiri."

*

Mlangoni mwa kituo alimkuta Mwanaharusi, mke wa Nasrudin, ameketi na bakuli la wali lililofunikwa kawa. Alikuwa hapo tangu asubuhi.

"Anakula?" Idarus aliuliza.

"Hali. Anasema anafikiri." Aliinua uso. "Mume wangu hajaiba, Inspekta. Angeiba angekuwa na haraka ya kula."

Idarus alilichukua bakuli akaingia nalo mwenyewe. Nasrudin alikuwa amechora kwa mkaa ukutani, amplifaya, spika, mishale. Ukuta wa serikali, lakini Idarus hakumgombeza.

"Waya uliuacha skrubu gani?"

"Ya nane."

"Nimeukuta ya nne."

Nasrudin alishtuka kweli. "Basi kuna aliyeuhamisha. Inspekta, amplifaya na spika lazima zioane. Ni mpiga makasia na kasia lake. Ukimpa kasia fupi mno anachapa maji tu, ukimpa refu mno mkono hauvuti. Spika ya nane inakaa kwenye nane. Ukiiweka kwenye nne inalia bado, lakini si kwa raha yake."

"Ndiyo maana mvumo umepotea?"

Alifikiri, na Idarus alimpenda kwa kufikiri, kwa kuwa mtu mwenye hatia angeshika kamba hiyo mara moja. "Hapana," alisema. "Mvumo ulikuwa umepotea tangu siku ya kwanza, waya ukiwa kwenye nane. Nilibadili valvu. Nilikagua ile amplifaya ndogo, kiungo kwa kiungo. Vyote vizima. Nikaomba kukitoa kitambaa nikague uso wa sanduku, yule bwana akasema nataka kuficha ushahidi. Siku ile ile nikaletwa hapa."

"Na mita? Imesoma sita."

"Mita inaipima spika ikiwa imelala. Amplifaya inaikuta inafanya kazi, na ikiwa kazini inakuwa nzito zaidi. Ile nane ni ya kazini. Ikilala lazima isome pungufu."

"Hayo ni maneno yako."

"Si yangu. Chukua mita yangu uende sinema. Spika ya pale imeandikwa kumi na sita, haijawahi kuguswa na mkono wangu, na mji mzima unaisikia. Pima."

Idarus alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Ile duara ndogo kwenye karatasi ni ya nini?"

"Tundu. Linaachwa wazi. Spika ikienda mbele inarudi na nyuma, na hewa ya nyuma inatokea pale chini. Sauti nene zote ziko katika hewa ile." Kwa mara ya kwanza Nasrudin alitabasamu. "Sanduku linapumua, Inspekta. Mimi mwenyewe nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nililala usingizi wa vipande."

"Tundu lilikatwa?"

"Nilimwona Ami Sheikhan akilikata kwa mkono wake."

*

Sinema mchana ilikuwa tupu na ina joto. Mwenye nyumba alimfungulia nyuma ya pazia, na Idarus akagusisha nyaya mbili za mita kama alivyofundishwa. Mshale ulipanda, ukasita, ukasimama kwenye kumi na mbili. Aligusisha tena. Kumi na mbili. Juu ya chuma cha spika paliandikwa kumi na sita kwa herufi za kuinuka.

Kwa hiyo mhandisi wa meli alikuwa amepima sawa na kuelewa vibaya. Ushahidi wa namba umeanguka, lakini sauti ya Vezzani ilikuwa bado imepotea, na masikio ya Idarus mwenyewe yalikuwa mashahidi wa hilo. Kama spika ni ile ile, valvu ni nzima, na utepe una mvumo, basi kilichobaki ni mbao.

Alitembea hadi ufuoni. Sheikhan alikuwa amekuja na lile sanduku wiki tatu zilizopita na akabaki mjini, kwa kuwa kila mwenye mashua alimng'ang'ania. Alikuwa amechuchumaa chini ya mbavu za chombo kimoja, nyundo mkononi. Miaka sitini na ushei, mwembamba, kilemba kimefifia rangi. Kaka yake Mahmudi, waliyefanya naye kazi maisha yao yote, alikufa kwa homa mwezi wa Rajabu, na tangu hapo Sheikhan alikuwa akifanya kazi ya watu wawili na maneno ya nusu mtu.

"Salama, Ami?"

"Salama, Idarusi. Wanitaka na mimi?"

"Nakuuliza tu. Nasrudin yuko ndani."

"Nimesikia," alisema Sheikhan kwa Kibajuni chake. "Mchu mwema yule. Hana wizi."

"Sanduku ulilitengeneza kwa karatasi?"

"Kwa karatasi. Kila kipimo."

"Ukakata duara zote mbili?"

"Nikazikata."

"Kisha?"

Nyundo ilisimama hewani kidogo tu, ikashuka. "Kisha kichu gani?"

"Baada ya kukata. Ulifuata karatasi mpaka mwisho?"

"Panapofaa," alisema Sheikhan, akarudi kwenye ufa wake.

Harufu ya mafuta ya papa ilikuwa imemzunguka Idarus kutoka kwenye ndoo iliyokuwa miguuni, na alikumbuka kwamba asubuhi alikuwa ameisikia harufu hiyo hiyo katika sebule ya mtu anayefuga mashine za muziki. Nani hupaka mafuta ya papa kwenye kabati la sebuleni?

Alimkumbuka pia baba yake, Kudhaa. Mwenye kuagiza chombo akija na kipimo kilicho kombo, fundi wa visiwani habishani naye. Kumwambia amekosea ni kumwaibisha mbele ya vijana. Fundi hujibu ndiyo, hukisahihisha kimya kimya kwa mkono wake, na mwenye chombo huenda akafa hajui kwamba alichopewa sicho alichoagiza. Baba yake alikuwa amesahihisha hivyo maisha yake yote, na alijivunia, na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

"Ami," alisema, "lete patasi. Twende kwa Mtaliani."

*

Alasiri sebule ya Vezzani ilikuwa na watu wanne na pingu moja. Nasrudin aliletwa na Idarus mwenyewe. Vezzani alisimama karibu na sanduku lake, mikono kifuani. Sheikhan alisita mlangoni, akavua makubadhi, akaingia akiangalia dari.

"Kwanza waya," Idarus alimwambia Vezzani. "Aliuacha kwenye nane. Nani aliuweka kwenye nne?"

Vezzani alipapasa ndevu zake. "Mimi. Baada ya mhandisi kusoma sita. Nne ilikuwa karibu."

"Na nane pia iko mbali kiasi hicho hicho. Rudisha, tafadhali."

Alirudisha, akiwa mwekundu shingoni. Idarus akamweleza habari ya sinema, kumi na sita na kumi na mbili. Vezzani alisikiliza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyesubiri miezi tisa kusikia kitu na hakukisikia.

"Piga utepe," Idarus alisema.

Nyundo zikalia, kavu vile vile. Katikati yake mwanamume alisema neno, sauti ya puani isiyo na mwili.

"Nani huyo?" Idarus alimwuliza Sheikhan.

"Mchu tu," alisema mzee. "Simjui."

Idarus aliusimamisha utepe. Alipiga magoti mbele ya sanduku na kuupitisha mkono juu ya kitambaa. Penye duara kubwa kitambaa kilibonyea. Alishuka chini, pale karatasi ilipoonyesha duara ndogo, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mbao ikajibu. Akagonga kando yake. Ikajibu vingine.

"Hapa pana kizibo," alisema. "Ami Sheikhan, nisamehe mbele ya watu. Hapa palikuwa na tundu."

Mzee alisema kwa Kibajuni, taratibu, na Nasrudin aligeuza kwa Kitaliani sentensi kwa sentensi, pingu zikilia kila aliposogeza mkono.

"Karatasi ilikuwa na tundu chini. Nikalikata, kwani lilichorwa. Usiku sikulala. Mimi toka nizaliwe sijatoa mkononi mwangu kichu chenye tundu chini. Nikasema aliyechora amekosea, na huyu Mtaliani ni mgeni wangu, sitamwaibisha. Nikatia kizibo cha msaji, nikakikalafati kwa pamba, nikakipaka mafuta. Kisha Barke, mke wangu, akawamba kitambaa. Nasrudin hakuwako." Alimtazama kijana mwenye pingu kwa mara ya kwanza. "Sikujua kuwa ndilo lililokutia ndani. Wallahi sikujua."

Vezzani alisogea kando kumpa mzee nafasi, na Idarus alimheshimu kwa hilo.

"Kitoe, Ami."

Kuinua kitambaa kulichukua muda, kwa sababu Sheikhan alitaka kung'oa misumari bila kuchana kazi ya mke wake. Kizibo kilikuwa kimekaa vizuri hivi kwamba ufa haukuonekana kwa macho, na Idarus, aliyekuwa anakitafuta, alikiona kwa sababu tu alijua kilipo. Patasi iliingia mara tano kuzunguka. Kizibo kikatoka kizima, na pamba yake, na harufu ya ufuo ikajaa sebuleni.

Idarus hakungoja. Aliomba kioo cha kunyolea cha Vezzani, akakiingiza tunduni pamoja na tochi, akaweka shavu lake kwenye mbao. Ndani palikuwa safi kama chumba cha harusi. Nyuma ya spika, kwenye sumaku, namba ilionekana kinyume katika kioo. Aliiandika kama alivyoiona, kisha akaigeuza karatasi akaisoma kwa nyuma dhidi ya dirisha.

"40717," alisema. "Sinyor, spika yako haijatoka humu."

Mwanaharusi alikuwa bado mlangoni mwa kituo na bakuli lake, na Idarus alitamani awe amelisikia hilo. Alitoa ufunguo mfukoni akamfungua Nasrudin. Jambo la kwanza alilofanya Nasrudin kwa mikono yake huru ni kuurudisha utepe mwanzo na kuuachia.

Idarus alikuwa ameisikia kupitia visikilizio, akadhani anaijua. Hakuwa anaijua. Pigo la kwanza la nyundo lilitoka kwenye sanduku na tumbo la mashua likaitikia ndani ya chumba kile, kwa mvumo mpana, mzito, mpaka sakafu ikaitikia na miguu yake ikaisikia sakafu. Aliweka kiganja mbele ya tundu na hewa ikampuliza, kweli ikampuliza, pigo kwa pigo. Alikuwa mtu mzima, afisa, baba wa watoto wanne, na aliogopa kama anavyoogopa mtu anapoingia mahali patakatifu bila kutayarishwa. Vezzani alikuwa amekaa sakafuni. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Chombo kizima cha Chovai kilikuwa sebuleni, pamoja na mchanga wake. Mtu akakohoa, kikohozi kinene, cha mtu mpana.

Kizibo kilimponyoka Sheikhan mkononi.

"Mahmudi," alisema.

Nyundo ziliendelea. Kisha ile sauti iliyokuwa ya puani ikasema tena, lakini sasa ilikuwa imerudishiwa kifua chake, tumbo lake, na uzito wake wote. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyezoea kuita mtu wa upande wa pili wa mashua bila kuinuka.

"Sheikhan. Huko chini umeshapaziba?"

Na kwenye utepe, mbali kidogo, sauti nyingine nyembamba ikajibu, ya mtu anayefanya kazi: "Nimepaziba, kaka."

Nasrudin alinyoosha mkono asimamishe mashine. Idarus akaushika mkono wake.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Aliweka kiganja chake mbele ya tundu, pale pale Idarus alipokuwa ameweka chake, na pumzi ya ndani ikamgusa kila nyundo ilipopiga. Alikaa hivyo mpaka mapigo yakaanza kwisha na utepe ukabaki na upepo na kuku peke yake.

"Nimepazibua, kaka," alisema.